Ya Kula Hapa au ya Kufunga

Mimi si mtu wa kusimuliwa habari za nyama. Nilikaa Ghuba, Uarabuni, miaka tisa. Niliingia jikoni nikiwa mwosha sufuria na nikatoka nikiwa msimamizi wa makaa katika hoteli kubwa, na katikati ya hayo nilisoma jioni, nikiwa na miguu iliyovimba, mpaka nikapata stashahada ya upishi. Nimeitundika sebuleni juu ya runinga, na kila anayeingia huisoma kabla hajaketi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nyumba yangu ya Ruiru, vyumba vitatu ndani ya ua wenye lango moja na nyaya za umeme juu ya ukuta, niliipata kwa kusimama mbele ya moto.

Kwa hiyo niliporudi na kukuta kwamba Ruiru haina nyama choma ya kunitosha, niliudhika kweli. Vibanda ni vingi na moshi ni mwingi, lakini nyama inachemshwa asubuhi, inalala kwenye beseni, na wewe ukifika inaonyeshwa makaa dakika kumi ili ipate rangi. Nikiiuma mara moja tu najua. Mahali pamoja nilimwuliza mchomaji kwa nini mbavu zake hazina mafuta.

"Mafuta yalibaki kwa supu, mkubwa," akasema. "Na supu ni ya bure. Si unywe?"

Nikanywa. Supu ilikuwa tamu kuliko nyama.

Ningevumilia, lakini nilikuwa natarajia mgeni. Mama yangu, ambaye kwa Kikuyu chetu tunamwita Maitu, anaishi peke yake Gatuanyaga, upande wa pili wa Thika, kwenye vumbi, na mbuzi wake na mbaazi zake. Mlango wake wa jikoni unafungwa kwa kamba. Muda si mrefu kabla ya hapo wezi walikuwa wameingia kwa jirani yake na kuondoka na mbuzi watano kwa pikipiki. Niliposikia hayo nilikata shauri kwamba lazima ahamie kwangu. Sikuwa na ombi lingine kwake. Yeye akasema atakuja siku nne "kuonja nyumba", halafu aamue.

Upande wa usalama sikuwa na wasiwasi. Mimi ndiye katibu wa kamati ya usalama ya ua wetu. Baada ya nyumba moja kuvunjwa mchana, niliandika kanuni kumi, nikazichapisha na kuzibandika langoni, na hata watu wa nyua jirani walikuja kuzipiga picha. Ya nne ndiyo iliyosifiwa zaidi: "Ukisikia kelele usitoke. Funga mlango, andika kwenye kikundi cha simu." Nilikuwa nimesikia kwamba wezi wa mjini hupiga kelele makusudi ili watu wafungue milango. Sisi hatungefungua.

Maitu alifika Alhamisi na mfuko wa mbaazi. Aliisoma stashahada polepole, neno kwa neno, akasema, "Mzee, umefanya kazi." Huniita mzee kwa sababu nimebeba jina la babake baba. Lakini kufikia Ijumaa jioni alikuwa ametembea kutoka kochi hadi dirishani mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuzihesabu hatua zake.

"Hapa mtu huongea na nani?" akaniuliza.

"Kuna runinga, Maitu."

"Runinga haiulizi nimelalaje."

Alikuwa amemsalimia jirani kupitia vyuma vya dirisha, na jirani akampungia mkono bila kutoa vitu masikioni. Niliona nyumba inashindwa mtihani. Nikaamua kwamba Jumamosi nitamlisha mbavu za mbuzi ambazo hajawahi kuzila, kwa sababu Maitu ni mtu wa kushawishika kwa nyama. Kila mjuzi niliyemwuliza alinitajia mahali pamoja, kibanda fulani kule Landless, nje ya Thika. Mwenyekiti wetu wa kamati alicheka. "Landless? Utarudi bila viatu, katibu."

Sikutaka kumpeleka Maitu mahali kama hapo. Nilitaka nyama ije kwake. Saa nne asubuhi nilimwacha akichambua mbaazi mezani, nikafunga geti la chuma la mlango kwa kufuli, kwa nje, kama tunavyofanya wote ndani ya ua tukiacha watoto au wageni.

"Usimfungulie mtu yeyote," nikamwambia.

"Nitamfungulia na nini?" akauliza, akitazama ufunguo mkononi mwangu.

Nikacheka, nikaenda.

Landless niliegesha gari langu dogo kando ya mtaro na nikaficha simu ndani ya soksi. Mchomaji alikuwa mwanamume mwembamba wa makamo, amevaa koti la kahawia lililoungua mikono. Niliona mara moja kwamba anajua kazi. Aliweka upande wa mfupa kwanza, mbali na ulimi wa moto, na hakugusa chumvi mpaka nyama ilipoanza kulia. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha vijana wangu Ghuba.

"Ya kula hapa ama ya kufunga?" akaniuliza.

"Ya kufunga."

Akaweka kisu chini. "Mbavu hazifungwi, mkubwa. Ukizifunga zinatoka jasho. Ukifika nyumbani unakula nyama ya kuchemsha, halafu unasema mimi sijui kuchoma. Nani anakula?"

"Mama yangu."

"Mlete basi."

"Nimemwacha Ruiru. Ni mambo ya usalama."

Mama mmoja aliyekuwa akikata kachumbari akainua kichwa. "Na huku kuna nini? Simba?"

Watu kwenye mabenchi wakacheka. Nikawaambia, kwa upole, kwamba mimi mwenyewe nina stashahada ya upishi.

"Ni karatasi ngumu ama laini?" mchomaji akauliza. "Leo makaa yamekataa kushika."

Hata mimi ilibidi nicheke. Nikakaa. Mbavu nzuri ni saa nzima, na sikuwa na haki ya kumharakisha mtu anayefanya ninachokiamini. Nyuma yangu lori la mawe ya kujengea likaja likasimama kando ya gari langu, likakaba barabara yote, na dereva akashuka akapotea kati ya vibanda. Nikajiambia atarudi.

Simu ikaanza kutetemeka ndani ya soksi. Kilikuwa kikundi cha ua.

"Kuna mwanamke anapiga nduru namba saba."

"Kanuni ya nne jamani."

"Tumefunga."

"Sisi pia tumefunga. Katibu uko wapi?"

Namba saba ni kwangu.

Nilimpigia Maitu, hakushika. Simu yake hukaa ndani ya mkoba. Nikampigia soja wetu, mlinzi wa langoni.

"Bosi, niko hapa kwa mlango," akasema akihema. "Shosho anasema gesi inanuka nyumba mzima. Geti iko na kufuli. Ufunguo iko wapi?"

Nikautazama. Ulikuwa kwenye kidole changu. Wa pili alikuwa nao mama anayenifulia, na Jumamosi hafiki. Nyuma ya sauti ya soja niliisikia ya Maitu, ile sauti ndefu inayopanda mwishoni. Kwetu kilio hicho tunakiita mbu. Mtu hakipigi kwa panya wala kwa mume mlevi. Kikisikika, aliye na jembe hulitupa na aliye na mtoto humbeba, kila mtu hukimbia kuelekea sauti inakotoka. Nilikua nikikimbia hivyo, bila viatu, nyuma ya babangu. Sasa nilikuwa nimesimama kati ya mtaro na lori.

"Mama yangu amefungiwa ndani," nikasema, sijui nikimwambia nani, "na gesi inavuja."

Mabenchi yaliachwa matupu. Mtu mmoja alikwenda kumtafuta dereva, lakini wengine hawakumngoja. Wanaume saba au wanane walishika gari langu kwa nyuma, mikono yao ikiwa bado na mafuta ya nyama, wakaliinua na kulihamisha kidogo kidogo mpaka likapita kona ya lori. Yule mama wa kachumbari alisimama katikati ya barabara akizuia pikipiki kwa kisu chake. Mchomaji alirusha furushi la gazeti kupitia dirishani.

"Tumekufungia. Enda!"

Kutoka Landless mpaka Ruiru sikumbuki nilivyoendesha. Simu ilikuwa wazi kwenye kiti, na soja alikuwa akimwelekeza Maitu kupitia vyuma.

"Shosho, usiwashe kitu. Usiguse hata swichi. Ona ile kitu iko juu ya mtungi. Zungusha."

"Imekwama."

"Shika na kitambaa. Pole pole. Upande wa mkono wa kulia."

"Mkono wangu ama wako?"

"Wako, shosho, wako!"

Nilipokuwa napita Juja soja akaniambia gesi imezimika. Nilitaka kusimama kando ya barabara nipumue, lakini mguu ulikataa kutoka kwenye kanyagio la mafuta.

Nilimkuta soja ameketi kwenye ngazi, bega lake limeegemea geti langu. Maitu alikuwa ameketi ndani kwenye kigoda, uso karibu na vyuma mahali hewa ilipokuwa nzuri. Madirisha yote alikuwa ameyafungua, na yote yana vyuma. Walikuwa wakizungumza kwa sauti ndogo. Soja anatoka Ngoliba, si mbali na Gatuanyaga, na tayari Maitu alikuwa amegundua kwamba anamjua nyanyake kanisani. Milango mingine yote ya ua ilikuwa imefungwa. Nilijaribu kuingiza ufunguo mara tatu, ukakosa tundu. Maitu alipitisha vidole vyake kati ya vyuma akanishikia kufuli litulie, ufunguo ukaingia.

Niligeuka nikapaza sauti, "Hakuna hata mtu mmoja alitoka?"

Dirisha la juu likafunguka. Alikuwa mwenyekiti. "Katibu, tulifuata vile uliandika. Uliandika vizuri sana." Hakuwa akinikejeli. Alikuwa akinipongeza.

Maitu aliniketisha chini kama mtoto. Sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Usiku ule wa mbuzi wa jirani nilipiga mbu mara moja tu," akasema. "Walikuja watu kumi na wanne. Mmoja alikuja na taulo. Mbuzi walienda, lakini watu walikuja. Hapa nimeita mpaka koo ikakauka, na nikaona mtu akivuta pazia."

"Ni makosa yangu, Maitu. Nitabadilisha mpira wa gesi. Nitakuachia ufunguo."

"Sijasema ni makosa, mzee. Nyumba ni nzuri. Nasema unirudishe."

Tulikula zile mbavu kwenye ngazi, sisi watatu, gazeti likiwa limelowa na kubandika wino kwenye ngozi ya nyama. Maitu alikula mbavu mbili, akanyonya mfupa, akasema aliyechoma anaijua kazi, lakini nyama imeharibikia njiani. Kisha akafunga mkoba wake. Kabla jua halijashuka nilikuwa nimemfikisha Gatuanyaga, na wanawake watatu walikuwa wamekwisha kuingia uani kwake kumwuliza mbona amerudi mapema. Sikumwomba tena ahame. Nilipima mlango wa jikoni, nikamwambia nitamletea mpya wenye komeo la ndani. Akakubali komeo. Kufuli akalikataa.

Jumapili iliyofuata niliitisha mkutano wa kamati nikaomba kanuni ya nne ifutwe. Walinisikiliza kwa heshima yote, wakampa pole mama yangu, kisha wakakataa. Mwenyekiti aliniambia nisifanye mambo kwa hasira, kwamba tangu kanuni zile zibandikwe hakuna hata mtungi ulioibiwa, na kwamba ua mzima unajivunia kuwa na katibu msomi. Wakanichagua tena papo hapo. Nikashukuru, kwa sababu nilijua wanasema kweli, na kwa sababu sina nyumba nyingine ya kuhamia.

Sijutii kununua hapa. Mtu aliyeanza kwa kuosha sufuria za wengine hawezi kuidharau nyumba yake. Mpira wa gesi ni mpya na stashahada bado iko ukutani. Lakini siku moja alasiri, baada ya kumpigia Maitu simu na kusikia vicheko vya watu nyuma yake, nilisimama ndani ya geti langu, nikashika vyuma na kuvuta pumzi. Nilitaka kupiga mbu mara moja tu, nione. Pumzi ilinijaa kifuani nikaiachia ikatoka kimya. Kuna nyumba kumi na moja katika ua huu, na zote zingefunga milango kwa utaratibu, haraka, kama nilivyozifundisha.