Manyoya ya Yangeyange

Saa kumi na mbili na robo asubuhi nilikuta kiota cha kwanza kitupu, na chini yake, kwenye matope, yangeyange amekufa. Kenge angekula nyama. Hapa nyama haikuguswa. Yalikosekana tu manyoya marefu ya mgongoni, yale yanayouzwa kwa kofia za Wazungu.

Wadachi walikuwa wamepiga marufuku kuwinda ndege katika kinamasi kile chini ya milima yetu, nami nilikuwa mlinzi wake kwa rupia kumi kwa mwezi. Kwa kila ndege aliyeuawa, mlinzi alilipa rupia moja au alimtaja muuaji. Aliyetajwa alichapwa viboko bomani.

Aliyeruhusiwa kuingia kwenye mafunjo ni mmoja tu, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kwa sababu ya migono yake ya kutegea samaki. Nikamshuku. Nikawa nafika kabla yake na kujificha kwenye matete.

"Shemeji, toka huko, mbu watakumaliza," aliniambia siku moja, ameinua mgono wenye kambare wawili. "Haya, pekua. Labda kambare wangu kaota manyoya."

Nilipekua. Sikupata kitu, na shaka haikupungua. Ndege waliokufa wakafika saba.

Jioni mtani wangu alikuwa akipita barazani kwangu na kutangaza mbele za watu, "Mlinzi gani wewe! Ndege wako nawamaliza mimi, wewe umelala kama pono!" Watu walicheka, nami nilicheka. Mtani husema lolote. Anayemkasirikia ndiye asiye na adabu.

Kisha tukamzika mjomba. Mtani akaja matangani kutuchekesha, kama ilivyo desturi, akijiliza kwa sauti ya kike, unyoya mweupe kauchomeka kwenye kilemba. Nilimwomba niutazame. Unyoya unaodondoka wenyewe huwa na shina safi. Huu ulikuwa na kipande cha ngozi, kimekauka.

"Si nilikwambia, mtani?" alisema. Matanga yote yakacheka.

Nani katika ukoo wetu angekubali nimpeleke mtani bomani kwa neno la utani, tena la msibani?

Mwisho wa mwezi, bomani, askari aliniuliza jina la muuaji. "Si yule wa migono? Mtaje tumalize."

Nilimjibu kwamba yule wa migono nimempekua mwenyewe, na jina lingine sina. Nilirudi nyumbani na rupia tatu, saba zilikatwa.