Paa Aliyenitazama

Mpaka leo nikifungua chupa ya siki jikoni huwa nasita kidogo, na wajukuu hudhani kiungulia kimenishika. Kumbe harufu ile hunirudisha kwetu Malindi, mjini Unguja, kwenye stoo ya chini ya ngazi, ambako Baba alijifungia na taa yake nyekundu akiosha vioo ambavyo kamera yake ilinasia picha, kwa madawa yaliyonuka siki. Masinia aliyotumia yalikuwa ya Mama, na Mama alikwishayakatia tamaa.

Baba alikuwa karani wa forodha. Kupiga picha hakutumwa na mtu, yalikuwa mapenzi yake tu. Wenziwe waliokuwa na kamera walipiga maharusi na wazee waliovaa majoho, lakini yeye alitaka wanyama wa maweni, kule mashariki ya Unguja ambako ardhi ni mawe na miba, na maji ni ya kutafuta. Mahali pale akipaita jangwa letu. Aliyemtamani hasa ni paa nunga, yule paa mdogo mwekundu ambaye hata wenyeji humwona mgongo tu akikimbia. Kila alipokwenda alirudi na picha ya kichaka chenye ukungu.

"Kichwa chake hiki hapa," akimwonyesha Mama.

"Mie naona moshi, bwana," Mama akijibu, huku anaendelea kusuka ukili wa mkeka.

Safari moja alirudi na mtoto wa paa nunga ambaye mama yake alinaswa na wavu wa wawindaji. Nikamlea mimi, kwa maziwa ya mbuzi niliyomdondoshea kwa kitambaa, nikamwita Zeituni kwa weusi wa macho yake. Alinifuata uani kutwa nzima. Adhuhuri, nikikaa kitako, naye alijilaza ubavu kando ya miguu yangu, shingo kainyoosha, macho nusu, mdomo wazi. Mara ya kwanza nilipiga ukelele nikidhani anakufa. Mama alicheka mpaka akafuta machozi.

"Kalala huyo, Salma! Hajaona raha kama hii tangu azaliwe."

Zeituni alipokuwa mkubwa, Baba akapata wazo. Paa wa porini hatulii mbele ya kamera, lakini huyu wetu angetulia, na akisimamishwa kwenye mawe ya kwao nani angejua? Nililia. Baba akanishika kidevu akaniahidi kuwa tunakwenda kupiga picha tu, na tutarudi naye nyumbani. Nikamwamini.

Tulikwenda kwa punda, Zeituni ndani ya tenga. Mwenyeji wetu kule alikuwa Mzee Makame, mwindaji, mtu mkarimu aliyeniitikia shikamoo yangu kwa marahaba ndefu na kunipa muhogo wa kuchoma. Baba akamtoa Zeituni tengani, akasimamisha kamera mbele ya kichaka cha miba.

"Simama nyuma yangu," aliniambia. "Usimwite. Nnataka akutazame tu."

Akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi. Zeituni alisimama, masikio juu, hakutikisika hata unyoya. Baba alitoka pale anacheka peke yake, akaenda kukihifadhi kioo chake kwenye mizigo, nyuma ya mawe.

Jua lilikuwa kali. Nikakaa kivulini, na Zeituni akaja akajilaza kama alivyozoea. Hapo Mzee Makame akatokea na kata ya maji aliyoniletea. Maisha yake yote hakuwahi kuona paa akilala karibu na mtu, isipokuwa paa anayekata roho. Na mnyama akifa bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi, hutupwa. Kata ikamponyoka.

"Sogea, mwanangu, anatufia huyu!"

Kisu kilikuwa kiunoni. Alimgeuza kibla, akapiga bismillahi. Nilipoinuka, alikwishamchinja.

Baba alifika mbio. Mzee Makame alikuwa akihema, kafurahi. "Nimewahi, bwana. Hamtatupa kitu."

Baba aliitazama ile damu juu ya mawe, kisha akanitazama mimi. "Ahsante, mzee," akasema.

Kwa neno lile nilimchukia Baba muda mrefu. Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu kwamba hakuwa na jengine la kumwambia mzee aliyetutendea wema kwa kadiri alivyoujua. Sisi ndio tuliomfundisha Zeituni kutowaogopa watu, tukamrudisha mahali ambapo woga ndio uliokuwa ukiwaweka hai wenzake.

Baba hakwenda tena maweni. Stoo ikarudi kuwekwa makaa. Picha ile moja ilibaki ukutani sebuleni, na wageni hawakuisha kuuliza amewezaje kumkaribia paa wa porini namna ile. Baba alikuwa akiwamiminia kahawa tu. Sasa iko kwangu. Ukiiangalia vizuri utaona Zeituni haitazami kamera, macho yake yamepita juu yake kidogo. Ananitazama mimi. Anangoja nikae kitako, ili na yeye alale.