Mabakuli Yaliyokimbia Vita

Asubuhi ile tulikuwa tunafungua sanduku la vyombo. Lilikuwa limeshushwa kutoka kwenye meli ya ziwani, na mimi na mdogo wangu Josué tulilisukuma kwa mkokoteni kutoka bandari ya Uvira hadi kwenye meza yetu sokoni. Meza ilikuwa ya Mama. Baba alitangulia kufariki, Mama akamfuata, na mimi niliyekuwa mkubwa, Yaya wao, nikaacha shule nikaishika ile meza ili Josué na mdogo wetu Neema wasiache masomo yao.

Ndani ya sanduku, mabakuli kutoka China yalikuwa yamefungwa mafungu mafungu kwa kamba za majani makavu, kila bakuli ndani ya jingine, na majani katikati. Josué alijitengenezea kofia ya majani hayo, akapita taratibu mbele ya wauza samaki huku akiwabariki kama askofu.

"Pigeni magoti, Monseigneur anapita!"

"Monseigneur, rudisha majani yangu," nilimwambia. "Nitafungia wateja na nini?"

Watu walinunua kwetu kwa sababu bakuli letu lilifika nyumbani likiwa zima, hata kama nyumba iko juu mlimani. Mama ndiye aliyetufundisha. Alisema bakuli halivunjwi na njia mbaya, linavunjwa na nafasi. Likipata nafasi ya kucheza, litagonga mwenzake. Na ukitoa moja kwenye fungu, usiliache fungu hivyo. Lifungue, ulikaze upya.

Mchana milio ya bunduki ilianza upande wa milima. Tulikuwa tumezoea kuisikia kwa mbali. Siku ile haikubaki mbali.

Wauza samaki waliacha samaki mezani. Neema alifika kutoka shuleni akikimbia, bado ameshika chaki. Milio ilimkuta ubaoni. Nilipasua kitenge cha Mama, nikatufunga mkono kwa mkono, Neema katikati, Josué mwisho. Barabara ya kwenda mpakani ilijaa watu, magodoro na mbuzi. Kila upande mama fulani aliita jina la mtoto na hakujibiwa. Sisi hatukuhitaji kuitana.

Kabla ya daraja la mpakani kulikuwa na kizuizi cha watu wenye silaha.

Mwenye bunduki alituangalia, akacheka. "Munafungana kama mbuzi wa soko? Muko wangapi?"

"Watatu, chef," nilijibu, nikimwita mkubwa.

Aliangalia mabega ya Josué. Pembeni yalipangwa masanduku ya risasi, na vijana wamesimama karibu nayo.

"Huyu atatubebea."

"Ni mtoto wa shule, chef. Nakuomba."

Akatoa kisu. Kitambaa kilikatika bila sauti.

Josué hakulia. Alisema, "Yaya, kaza fundo la Neema."

Nilikaza.

Tukavuka.

Nimemtafuta. Niliuliza kwenye kambi ya wakimbizi, nikauliza madereva wa malori waliotoka upande ule, nikauliza hata huku Durban tulikofikia, kila kanisa la Wakongomani nililoingia. Hakuna aliyemwona, si mzima wala maiti. Baadaye nikaacha kuuliza. Nilipata kibanda karibu na soko la Warwick, ninauza chaja na kubadilisha vioo vya simu, na chumba mtaa wa Berea ambako Neema alisomea mezani nikipika. Watu huku hupenda kuuliza: kwenu muko wangapi? Nilijibu: wawili. Jina la Josué sikulitaja nyumbani, na Neema alijifunza kutolitaja. Sijutii. Bakuli moja lilikuwa limetolewa, nikakaza fungu, na fungu likafika.

Mwaka huu Neema alipata nafasi ya kusoma Taipei. Asubuhi moja alinipigia simu ya video akiwa ndani ya makumbusho ya taifa ya huko, ananong'ona ili asifukuzwe. Nilikuwa na Mama Chantal, anayesuka nywele kibanda cha pili. Akaacha kichwa cha mteja wake akaja kuchungulia, na mteja akamfuata na nywele zilizosukwa nusu.

"Hizi ni mali za wafalme wa China," Neema alisema. "Ona kabichi hii. Ni jiwe."

Majani ya kijani, shina jeupe, na mdudu amekaa juu anakula. Nilisogeza simu karibu na uso. Mtu alikaa akichonga jiwe hadi likawa bichi.

"Eish," alisema Mama Chantal. "Kabichi tu? Sombe ya jiwe, majani yetu ya muhogo, haiko?"

"Mama Chantal, wanatuangalia!" Neema alijizuia kucheka, akasogeza simu.

Likaja bakuli. Halikuwa na ua wala mchoro, ila rangi ya mbingu mvua ikishakatika. Niliuza mabakuli ujana wangu wote na sikujua kwamba bakuli linaweza kumnyamazisha mtu.

"Yaya, haya yote yalikimbia vita," Neema alisema. "Miaka mingi. Kwa treni, kwa lori, kwa mashua, yakafichwa mapangoni, mwisho yakavuka bahari. Na unajua nani aliwafundisha walinzi wake kufunga? Walifungua masanduku ya zamani yaliyotoka kwenye matanuri ya vyombo, wakaiga. Majani katikati, kamba, kaza kabisa."

Niliketi kwenye kiti cha wateja. Walinzi wa mali ya mfalme na Mama yangu wa soko la Uvira walisoma kwenye sanduku moja.

"Yalifika yote?" niliuliza.

"Mengine yalibaki ng'ambo. Ndugu na ndugu, bahari katikati."

Kisha akanionyesha kasha la mbao, lenye vyumba vidogo vilivyotandikwa hariri, kila chumba kimekatwa kwa umbo la kitu chake: pete, samaki wa jiwe, kikombe cha ukubwa wa kidole. Kishimo kimoja kilikuwa kitupu. Hariri bado ilishika umbo la kilichokuwamo. Hakuna aliyeweka kitu kingine. Hakuna aliyeziba. Wameliwashia taa kasha zima, na kile kishimo nacho kimepata mwanga wake.

Neema alisogeza simu karibu na kile kishimo. Halafu akasema, "Josué angeingiza kidole."

"Angeingiza pua," nilisema.

Mama Chantal alinigeukia. "Josué ni nani?"

"Mdogo wangu. Ndiye ananifuata."

"Wewe ulisema kwenu muko wawili."

"Tuko watatu," nilisema.

 Mama Chantal aliweka mkono wake wenye mafuta ya nywele begani kwangu, akauacha hapo. Sijui Josué yuko wapi, na huenda nisijue. Nilimbeba Neema hadi mahali ambapo vitu haviogopi kuvunjika. Kwa Josué nimebaki na umbo lake tu. Simu ilikuwa bado imeelekezwa kwenye kile kishimo. Sikumwambia Neema aisogeze.