Alama ya Rangi ya Kucha

Majina ya wote waliokuwepo uani kwangu siku ile ninayo kichwani, mpaka la jirani aliyechungulia juu ya ukuta. Siyaandiki, maana wapo ambao bado wanaona haya, na mie ni mmoja wao.

Gari lilikuwa la marehemu mume wangu, dogo, jeupe. Alipofariki tulimwachia mjukuu wetu wa kike, aliyesomea ufundi wa magari. Mie na yeye tunataniana tangu utoto wake, namwita mke mwenzangu. Kemshafti ya gari lile ilikuwa imelika, injini inagonga kama mtu anatwanga karanga. Mjukuu wangu akalipandisha juu ya matofali, likakaa hapo wiki baada ya wiki, huku vijana wa gereji ya mtaani wakipita na kucheka eti mwanamke kafungua injini. Mwisho mwanangu, baba yake mdogo, akachoka.

"Jumamosi nakuja na mtu wa skrepa," alimwambia. "Likiwaka, lako. Lisipowaka, linaondoka."

Basi mjukuu wangu akaenda Manzese kwenye vipuri vilivyotumika. Alirudi na kemshafti mbili, akazilaza kwenye sinia langu la kuchambulia mchele. Ni vyuma virefu vyenye vinundu kama mayai. Vikizunguka, vinundu vinasukuma valvu zifunguke, injini ivute pumzi. Hivyo ndivyo alivyonieleza, na mie niliyeishia darasa la tatu nikaelewa. Zote mbili zilikuwa za kuongeza nguvu, ila moja vinundu vyake vilikuwa virefu zaidi.

"Hii ni ya mashindano," akasema. "Ukikanyaga, gari linaruka."

"Na usipokanyaga?"

"Linazimazima. Nguvu yake huja injini ikizunguka kwa kasi, linataka mwendo."

"Mwendo utaupata wapi hapa Mtoni, mke mwenzangu? Labda ulipitishe juu ya mapaa."

Alicheka, akanuna, kisha akairudisha ile ndefu na kubaki na ya wastani.

Ijumaa alitoa kemshafti ya zamani. Mbele yake hukaa gurudumu lenye meno, linalovaa mkanda wa taiming, ule unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni. Gurudumu lile lilitengenezwa litumike kwenye injini zaidi ya moja, kwa hiyo lina matundu matatu, na pini ya kemshafti inaingia kwenye moja tu. Kabla hajalichomoa, alilitia tundu hilo alama kwa rangi ya kucha, nyekundu. Kisha akaenda kutafuta gasketi.

Mie kitu chenye grisi hakikai mbele ya macho yangu. Nikaona nimsaidie. Nilichukua mafuta ya taa na stili waya, nikalisugua gurudumu mpaka likang'aa kama sufuria ya harusi. Nilipolisuuza ndipo nikaona wekundu kwenye maji.

Hapo ningesubiri nimwambie. Sikusubiri. Nilihofia kuonekana kikongwe mharibifu, nikaingia chumbani kwake, nikatwaa kile kichupa cha rangi, nikatia alama upya kwenye tundu nililodhani ndilo. Aliporudi alinishukuru kwa usafi.

Jumamosi mchana mwanangu aliingia na mtu wa skrepa, aliyebeba kamba ya kuvutia gari. Vijana wa gereji nao wakajipanga mlangoni. Mjukuu wangu alikuwa amekwisha kupaka vinundu mafuta, kufunga gurudumu, mkanda na mfuniko. Jasho linamtoka.

"Tunakusubiri wewe tu, fundi," kijana mmoja akamwambia. "Au tukuletee mwanamume?"

Mjukuu wangu akaingia ndani ya gari na ufunguo.

"Zungusha kwa mkono kwanza," nikasema. Marehemu hakuwasha injini iliyofunguliwa bila kuizungusha kwa spana, mizunguko miwili kamili.

"Bibi, alama nimeweka mwenyewe. Niache."

"Mama, usimcheleweshe," mwanangu akasema. "Mtu ana kazi zake."

Nilijua tundu likiwa siyo, valvu na pistoni zinagongana, na mara moja tu inatosha kuua injini. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye ufunguo.

"Ile alama siyo yako," nikasema. "Yako niliifuta nikisafisha. Ile ni yangu."

Mwanangu akanitazama kama hanijui. Mjukuu wangu alichomoa ufunguo, akashuka. Alitoa plagi, akatia spana mbele ya injini, akazungusha taratibu. Haikufika nusu mzunguko ikagota.

"Valvu imegusa," akasema kwa sauti ndogo. Hakulazimisha.

Alifungua tena vyote. Akalimulika lile gurudumu kwa tochi ya simu, tundu baada ya tundu, mpaka akalipata lenye ukingo uliochakazwa na pini kwa miaka. Wale vijana hawakutania tena. Mmoja wao alimshikia mkanda. Akazungusha mara ya kwanza, mara ya pili. Ikapita laini.

Injini iliwaka kwa kukohoa, kisha ikanguruma mpaka mabati ya choo yakatetemeka. Nikadhani imeharibika. Kumbe kemshafti ikibadilishwa, injini haiachwi ilie polepole. Inakimbizwa kwanza dakika ishirini ili vyuma vizoeane. Dakika zote hizo hapakuwa na maongezi, kwa kelele ile. Mtu wa skrepa alikunja kamba yake, akampungia mwanangu mkono, akaondoka.

Injini ilipozimwa, masikio yalikuwa yanavuma. Mjukuu wangu alifuta mikono, akasogeza kigoda karibu yangu.

"Kaa, bibi," akasema. "Umesimama tangu mchana."