Barua Iliyosema Yu Mzima

Wanaonisoma humu wamenizoea. Wanajua nilitoka kwetu na shuka moja na kandambili zilizofungwa waya, na leo nikipita Nyahanga, pale Kahama mjini, watu wanaacha shughuli zao kunipa shikamoo. Nimewasimulia lori la kwanza, lori la pili, na jinsi mimi niliyeishia darasa la nne nilivyowaajiri watu wenye vyeti wakaniita bosi. Yote hayo ni kweli. Siwezi kujishusha ili nionekane mnyenyekevu.

Lakini juzi binti yangu, ndiye aliyenifungulia blogu hii na ndiye anayenyoosha maandishi yangu, aliniuliza, "Baba, humu ndani kila mara unashinda. Siku ulizoshindwa zimekwenda wapi?"

Nikamwambia hazikuwepo. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu pale pale nilisikia mtu anakohoa, na sebuleni tulikuwa wawili tu.

Kikohozi hicho nakijua. Nimeishi nacho tangu miaka ya tisini, enzi zile za kuchimba porini upande wa Geita, kabla ya nyaya za uzio na mageti ya makampuni. Ni cha mtu tuliyemwita Baba Mapacha. Alikuwa jirani yetu kijijini, nje kidogo ya Tinde, amenizidi kama miaka kumi. Mkewe alijifungua pacha, na kwetu ukishapata pacha jina lako la zamani unalisahau. Tuliondoka pamoja kwenda kutafuta dhahabu. Mama yangu alimwambia, "Baba Mapacha, huyu ni mdogo wako, mtazame." Akajibu, "Nduhu tabu, mayu." Hakuna shida, mama. Na kweli alinitazama. Blanketi lake ndilo nililojifunika mwezi wa kwanza.

Kule machimboni nilikuwa mtu mkubwa upesi. Darasa la nne langu lilikuwa la kweli, mwandiko wangu umelala vizuri kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Wachimbaji wengi hawakujua kuandika. Wakaniita Karani. Jumapili mchana walikuwa wanapanga foleni nje ya turubai letu, kila mtu na karatasi yake.

"Karani, niandikie ya kumtuliza mke wangu. Weka na nyama."

"Nyama kiasi gani?"

"Weka ng'ombe mzima! Mbona unanionea, ni nyama ya karatasi!"

"Na mimi weka wali," anadakia mwingine. "Ukiandika ugali mama mkwe atanicheka mpaka nirudi."

Tulicheka. Tulikuwa tunakula ugali na chumvi, tukipata dagaa ni sikukuu. Tunalala watu sita chini ya turubai moja. Duara letu, yaani shimo tulilokuwa tunachimba, lilikuwa limekwenda chini zaidi ya urefu wa minazi miwili na lilikuwa halijatupa hata cha kuziba jino. Lakini barua zangu zilikuwa zimeshiba. Nilianza zote namna moja: mimi huku ni mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni kwenu ninyi mlio mbali na upeo wa macho yangu. Baada ya hapo wali, nyama, nyumba ya bati, tajiri anatupenda.

Lazima mjue barua zilivyosomwa kwetu, la sivyo hamtaelewa nilichofanya. Zilikuwa zinafikia kigangoni, kwenye kanisa letu dogo la kijiji. Jumapili baada ya ibada katekista anakaa kwenye benchi nje, anaita majina. Wasiojua kusoma, na mama yangu ni mmojawapo, walikuwa wanasomewa pale pale, kijiji kizima kikisikiliza. Barua haikuwa ya mtu mmoja. Ikitoka machimboni, hata wasiohusika walikuwa wanasogeza masikio. Na zangu ndizo zilizokuwa tamu kuliko zote. Niliambiwa na mfanyabiashara mmoja aliyepita kwetu kwamba mama yangu sasa anapishwa nafasi mbele ya benchi, na siku barua yangu ikisomwa anavaa khanga yake mpya. Niliposikia hivyo nilitembea kama nimepanda farasi.

Sasa Baba Mapacha akaanza kukohoa. Kila mchimbaji anakohoa, vumbi la mawe halina rafiki. Lakini chake kilikuwa kinaanzia kiunoni. Ikafika mahali hashuki tena duarani, anakaa juu anavuta kamba ya ndoo, kisha hata kamba ikamshinda. Jumapili moja watu wote walipokuwa wameondoka alikuja na karatasi yake.

"Leo mimi, mdogo wangu. Andika kwa kaka yangu. Andika hivi hivi ninavyosema."

Maneno yake nayajua kwa kichwa mpaka leo. Alisema: "Kaka, naumwa. Kifua kimejaa vumbi, nikikohoa naona damu. Mwezi mzima sijashuka shimoni. Huku tunalala chini ya turubai, tunakula ugali na chumvi, dhahabu hatujaiona. Njoo unichukue unipeleke Kolandoto hospitali. Usichelewe. Mwambie Mama Mapacha mbuzi wa watoto asiwauze, mimi nitapona." Akashika mbavu. "Basi. Isome nisikie."

Nilikuwa bado sijaandika kitu. Kalamu ilikuwa hewani. Nilikuwa naliona benchi la kigangoni, katekista akisoma turubai, akisoma chumvi, na watu wakigeuza shingo kumtazama mama yangu na khanga yake. Tulikuwa kambi moja, shimo moja. Kama yeye analala chini, na mimi nalala wapi?

Mtu atasema, ungeandika mawili tu, naumwa, njoo. Nililifikiria hilo, sikuwa mjinga. Lakini kaka yake angekuja, angeona kwa macho yake, angerudi kwenye benchi lile lile kusimulia. Kwa hiyo nikaandika. Mimi huku ni mzima wa afya njema. Kazi inakwenda vizuri. Msiwe na hofu, nikija nitakuja na mabati ya nyumba. Nikamaliza, nikashika karatasi mbele ya macho yangu, nikamsomea maneno yake yote kama alivyoyasema, naumwa, damu, turubai, njoo, wakati hakuna hata moja lililokuwa mle.

"Wabeja," akasema. Asante. "Una mkono mzuri, Karani."

Nilijiambia kifua kitapoa. Nilijiambia tukipata dhahabu nitampeleka mwenyewe, tena kwa gari la kukodi. Mtu ukijisifu sana unaanza kuamini kwamba hata kifua cha mwenzako kitakutii.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano, kwa mkono wa mwenye duka aliyetoka Kahama. Lilikuwa la mkewe, mwandiko wa katekista. Liliandikwa: tumefurahi sana kusikia u mzima. Kaka yako alikuwa na wasiwasi, alitaka kuja kukutazama, lakini barua yako imemtuliza, ameona abaki amalizie mpunga. Tumeshafyatua tofali. Tunasubiri mabati.

Baba Mapacha alikuwa amelala ubavu, macho yanang'aa. "Soma."

Nikasoma ambayo hayakuwepo. "Kaka yako amesikia. Anakuja akimaliza kuvuna mpunga."

Akafumba macho, akatabasamu. "Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Kesho yake akaniita: soma tena hapo. Na siku iliyofuata. Barua ya kweli ukiisoma mara mia inabaki pale pale, lakini yangu nilikuwa naisoma kutoka kichwani, na kichwa cha mtu mwenye njaa ni chungio. Siku ya nne nikasoma, "Kaka yako ameshapata nauli, atapanda lori wiki hii."

Hakutabasamu.

"Jana kaka yangu alikuwa anavuna," akasema. "Leo yuko kwenye lori. Hiyo karatasi inatembea?"

Nikamwambia nimeruka mstari. Akanyoosha mkono, nikampa barua. Akaigeuza, akaitazama juu na chini, yeye asiyejua hata a, akaikunja mara nne akaiweka chini ya mkeka. Hakuniomba nimsomee tena. Afadhali angenitukana.

Hapo ndipo nilipomchukua. Nilipata lori lililoleta magogo ya kuegemeza mashimo, linarudi tupu Kahama, nikamlaza juu ya magunia. Kahama tukapanda basi. Nilijua nikifika Tinde namkabidhi kwa kaka yake, na kutoka pale Kolandoto si mbali. Nilikuwa nahesabu vijiji. Alikuwa ameegemea bega langu, hana uzito, kama nimeegemewa na kapu.

Jua lilikuwa kali. Akaniuliza polepole, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karani, tukifika, utawasomea ipi?"

Nikajifanya sikusikia kwa sababu ya mngurumo wa gari.

Hakuuliza mara ya pili. Baadaye nilihisi bega langu limekuwa zito, nikajua. Sikusema kitu. Kondakta angetushusha porini. Nilimfunika kofia usoni, nikakaa na marehemu mpaka Tinde, nikiwajibu abiria kwamba ndugu yangu amechoka, amelala. Hata hapo nilikuwa bado nampa uzima asiokuwa nao.

Msibani kaka yake alinishika mikono yote miwili. Miguu yake ilikuwa bado na tope la majaruba ya mpunga. "Mdogo wangu, alianza kuumwa lini? Barua ilisema mzima."

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Mama Mapacha alikuwa amekaa chini na watoto wake wawili mapajani. Ulikuwa mlango wazi kabisa, nipite tu.

"Ghafla," nikasema. "Siku tatu tu."

Katekista akasema kaburini kwamba barua ya mwisho ya marehemu ilikuwa faraja. Nilitazama viatu vyangu.

Mama yangu hakuniuliza chochote. Jioni alinipa uji, akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikazunguka vikakutana na nafasi ikabaki. "Mwanangu," akasema, "barua zako zilikuwa nene kuliko wewe." Hakuenda tena kukaa mbele ya benchi. Mpaka anafariki hakuniambia kwa nini.

Nilirudi machimboni, na miaka miwili baadaye mwamba ulifunguka. Hiyo habari mnaijua, nimeiandika humu mara tatu. Ambalo sikuliandika ni kwamba kitu cha kwanza nilichonunua hakikuwa lori. Yalikuwa mabati. Niliyapeleka kwa Mama Mapacha, nikalipa na fundi. Kijiji kizima kilinisifu: huyu ndiye rafiki. Yeye mjane alisimama akayatazama yanavyometa, akasema, "Alisema atakuja na mabati. Na kweli yamekuja." Nilitabasamu. Mvua ya kwanza ilipoyapiga nilikuwa nimekaa ndani mle nakula kuku wa shukrani, na kati ya matone nikamsikia anakohoa. Tangu siku hiyo silali nyumba ya bati bila dari. Watu wanadhani ni maringo.

Na kuna kitu kingine walio karibu nami wamekiona. Mtu akiniuliza, "Mzee, mzima?" huwa najibu, "Nipo." Neno lenyewe halitoki. Nimelitumia lote kwenye karatasi ya mtu mwingine.

Basi baada ya swali la binti yangu nilikaa siku mbili. Siku ya tatu niliendesha gari peke yangu mpaka kwetu. Mama Mapacha ni bibi sasa, magoti yanamsumbua. Nilimwamkia, nikakaa kwenye kigoda, nikamwambia kuna barua ya mumewe ambayo haikufika. Kisha nikamsomea, bila karatasi, maneno kama alivyoyasema siku ile. Naumwa. Damu. Turubai, chumvi. Njoo unichukue. Mbuzi wa watoto asiwauze.

Alikuwa anachambua choroko kwenye ungo. Mikono haikusimama mpaka nilipofika kwenye mbuzi.

"Niliwauza," akasema. "Kwa ajili ya tofali."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno mengi. Akainua mkono kama mtu anayefukuza kuku.

"Soma tena hapo aliposema kaka aje amchukue."

Nikasoma. Halikubadilika hata neno. Akaniambia tena, nikasoma tena. Kisha akaweka ungo chini, akatazama nje upande wa nyumba ya shemeji yake, yule kaka mtu, ambaye ni mzee sana lakini masikio yake ni mazima.

"Hii si barua yangu," akasema. "Ilikuwa yake. Jumapili uje kigangoni, baada ya ibada. Utaisoma pale, wote wasikie."

Benchi bado lipo, nimepita kulitazama. Limebadilishwa ubao tu. Leo ni Jumamosi. Shati nimeshapiga pasi mwenyewe, binti yangu ameniuliza nakwenda wapi, nimemwambia aje. Ikifika zamu yangu nitakaa pale alipokuwa anakaa katekista, na sitaanza na habari ya afya njema.