Dereva wa Filamu ya Pili

Kwa nini ile filamu ya pili ya jasusi ilikuwa tamu kuliko ya kwanza? Binamu yangu Nyambura aliniuliza hivyo tukiwa darasa la sita, mimi niliyezoea kubishia kila kitu, hata kalenda.

Sisi tuliokulia Nakuru tunaikumbuka Januari ya 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, shule zilipochelewa kufunguliwa na watoto tukakatazwa kuvuka geti. Pale mtaani kwetu Kiamunyi tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, uani mpaka soksi tuliyoifanya mpira ikapasuka. Nyambura alikuwa amekuja kutoka Kuresoi na mama yake na begi moja. Baba yake alibaki nyuma kutafuta ng'ombe, na hakuwa akipatikana kwa simu. Kila lori likipita barabarani, Nyambura alisimama.

Jirani yetu, Baba Farida, aliuza CD mjini. Duka lilipofungwa, alileta sanduku zima sebuleni kwake akatukusanya. Mkewe alitupa mahamri na chai ya iliki, naye Baba Farida akakaa na rimoti, akitutafsiria kila neno.

Katika filamu ya kwanza, staring, yaani jasusi mwenyewe, alijivunia gari lake tu. Tuliyempenda ni dereva wake, mnene, mwoga, anayetafuna njugu hata risasi zikilia. Ya pili haikupoteza muda kutujulisha mtu. Tulikuwa tunawajua tayari, kwa hiyo tuliogopa mapema. Halafu daraja likakatika, dereva akabaki ng'ambo na maadui. Nyambura akaweka hamri lake chini.

Picha ikasimama.

"CD imekwama," Baba Farida alisema. "Lakini hii naijua. Anaogelea. Anafika alfajiri, viatu vimejaa tope, anaomba chai."

"Umejuaje na hatujaona?" nikamuuliza.

"We Shiku, unahoji kama askari. Muuza CD hapa ni nani?"

"Na njugu zake?" Nyambura akauliza.

"Zimelowa. Anazila hivyo hivyo."

Nyambura alicheka, mara ya kwanza tangu aje kwetu. Wiki mbili baadaye baba yake alishuka kwenye lori la viazi, amekonda, bila ng'ombe hata mmoja. Binti yake alimshika koti siku nzima, hata wakati wa kula.

Wadogo zangu siku hizi huangalia filamu kwenye simu, wakiruka sehemu za polepole. Wanamaliza zote sita za jasusi yule wikendi moja, na ukiwauliza kuhusu dereva, wanakuuliza dereva yupi. Sisi ile moja tuliibishania mwaka mzima, na bado naitamani sebule ile iliyojaa watoto na harufu ya iliki.

Nilikuwa chuo kikuu nilipoiona nzima, bila kukwama, bila Baba Farida na rimoti yake. Dereva havuki mto. Anapigwa risasi akiwa majini, na karibu kila anayeisifu filamu hiyo husema hapo ndipo ilipoishinda ya kwanza.