Ukucha wa Mama Mkubwa Guillemette

Kasri la mfalme liko nusu saa kwa miguu kutoka kwetu Montreuil. Kule hakuna anayegonga mlango. Mfalme hapendi kishindo, kwa hiyo mtu hukwaruza kwa ukucha wa kidole cha mwisho, akasubiri. Ndiyo maana Guillemette, dada yake mama, alikuwa na ukucha mmoja mrefu kama kijiko cha chumvi. Zile nyingine tisa zililiwa na magadi ya kufulia.

Miaka kumi na tisa aliwavisha wanawake wa mfalme. Wa kwanza alilia sana, akaishia kwa watawa. Wa pili alicheka sana, akazaa sana, na kila mimba mama mkubwa alimlegezea gauni ili malkia asione. Malkia alikuwa anaona. Mfalme alipoacha kuja, yule wa pili akaanza kumrushia mama mkubwa vitana.

Mwezi wa sita mwanamke huyo akahamishiwa chumba cha chini kisichopata jua, na watumishi wake wakaambiwa waende. Mama mkubwa akaja kwetu kwa miguu, mvua inanyesha. Tukasikia mlango unakwaruzwa.

"Panya hao," mama akasema. "Wameshaonja jibini."

Lakini panya hakwaruzi mara tatu akanyamaza, akakwaruza tatu tena. Nikafungua. Alikuwa amelowa mpaka ndani ya viatu.

"Dada, ngumi unazo za nini?" mama akauliza.

"Nimesahau kugonga."

Akabaki amesimama katikati ya chumba, kama mtumishi kasrini.

"Kiti hicho hakijakaliwa na mwana wa mfalme," mama akamwambia. "Kaa."

Alilala siku mbili. Siku ya tatu akaanza kutusaidia kumenya njegere.

Jumapili jirani akaleta habari: mfalme ana wa tatu, msichana wa miaka kumi na minane, na anamtafuta Guillemette amvishe.

"Mdogo huyo," mama akasema. "Hatakurushia vitana."

"Atajifunza. Hata yule wa pili alianza na tafadhali." Akazitazama njegere, kisha akamtazama mama. "Toinon, nikirudi kule nitatolewa ndani ya jeneza. Mnaweza kunilisha?"

"Unakula kama kifaranga. Nani atajua upo?"

Alhamisi akaja Picard, mtumishi wa kasri. Nilimwona dirishani, koti la buluu, soksi zimejaa matope. Akakwaruza mlango. Mama akanyanyuka.

"Panya hao," mama mkubwa akasema, hakuinua kichwa.

"Dada, ni yule..."

"Panya, Toinon. Wameshaonja jibini lako."

Mama akakaa. Picard akakwaruza tena, akasubiri, akakwaruza. Ngumi anazo, na mlango wetu hata mtoto anausukuma. Alisimama pale muda mrefu, kichwa kimeinama, halafu akaondoka.

"Niletee mkasi," mama mkubwa akaniambia.

Niliporudi nao alikuwa amelala kitini, mkono umezama kwenye bakuli la njegere. Nikautoa polepole, nikamkata ule ukucha mimi mwenyewe. Hakuamka.